Punda wa kazi Dodoma: umnunue mnadani, kijijini au kwa dalali?

Anayetafuta punda wa kazi mkoani Dodoma, awe wa kuteka maji Bahi, wa kuvuta magunia Kibaigwa au wa kutoa uwele shambani Chemba, ana milango mitatu: mnada wa mifugo, mfugaji kijijini, na dalali. Watu hubishana kuhusu bei, lakini ukijumlisha nauli, ushuru na cha juu, bei za milango hiyo hukaribiana kuliko zinavyoonekana. Penye tofauti kubwa ni kile unachopata kukiona kabla ya kulipa, na nani atapokea simu yako wiki ijayo punda akianza kuchechemea.

Kila mlango una kitu chake kinachofichika. Mnadani historia ya mnyama haijulikani. Kijijini undugu hukuziba mdomo usiulize. Kwa dalali hujui mali ni ya nani. Ukishajua unakwenda kufichwa nini, unajua pa kukaza macho.

Vigezo

Njia zote tatu tutazipima kwa mambo matano. La kwanza ni kuonekana kwa mnyama: je, utamwona akifanya kazi, akila, akiwa amepumzika? La pili ni gharama yote mpaka punda asimame zizini kwako. La tatu ni makaratasi. La nne ni afya, pamoja na hatari ya kuleta ugonjwa nyumbani. La tano ni pa kurudi mambo yakiharibika.

Ukaguzi wenyewe haubadiliki. Punda hukaguliwa vilevile popote alipo, kwa hiyo tuumalize kwanza.

Ukaguzi wa punda, popote ulipo

Anza mbali. Simama hatua kumi hivi umwangalie kwa dakika tano bila kumgusa. Punda mzima huhamisha uzito miguuni, huzungusha masikio, hufukuza nzi. Anayesimama ameinamisha kichwa, masikio yamelegea pembeni, huitwa "mpole" na muuzaji, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Punda huficha maumivu kuliko mnyama yeyote zizini. Ng'ombe mgonjwa utamwona siku ileile. Punda huonyesha wakati hali imeshakuwa mbaya. Ukiambiwa ni mpole sana, mpungie mkono karibu na jicho, mguse ubavuni. Mpole wa kweli atakugeukia, aliyechoka au anayeumwa hatajali.

Meno. Mbele ana sita juu na sita chini. Mawili ya katikati hubadilika kutoka ya utoto kwenda makubwa akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata miaka mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Mwenye meno yote makubwa, basi, amefikia miaka 5 au ameipita. Baada ya hapo ni kukadiria. Vishimo vyeusi vilivyo juu ya meno hufutika taratibu, na kwa punda hudumu zaidi kuliko kwa farasi, kwa hiyo anayesoma kwa kipimo cha farasi humpunguzia punda miaka. Tazama pia ubavuni: meno ya kijana hukutana wima, ya mzee huchomoza mbele. Usiogope punda wa miaka 10. Akitunzwa anaweza kufikisha 25 na kuendelea. Wa kuogopwa ni yule wa miaka miwili anayeuzwa kama "tayari kwa kazi". Mifupa yake bado haijakomaa, na mzigo mzito kabla ya miaka mitatu hadi minne humpinda mgongo na kumharibu viungo moja kwa moja.

Mgongo na mabega. Pitisha kiganja kuanzia mwisho wa shingo, pale inapokutana na mgongo, mpaka kiunoni, ukikandamiza kidogo. Madoa ya manyoya meupe ni alama za vidonda vya zamani vya matandiko. Doa lililopona, lenye ngozi inayocheza, si tatizo. Ngozi iliyogandamana na mfupa, uvimbe wa moto au punda anayeshusha mgongo ukimgusa ni tatizo linalorudi kila ukimpakia. Kidonda kilichopakwa oili chafu ya gari au majivu kitazame mara mbili, maana mara nyingi kimepakwa asubuhi ileile ili nzi wasikuonyeshe kilipo.

Miguu. Mtembeze kwenye udongo mgumu kuja kwako na kwenda mbali nawe, kisha mkimbize kidogo. Kichwa kikipanda mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, mguu huo unauma. Inua kila kwato. Za punda huwa wima na nyembamba kuliko za farasi, usidhani ni kasoro. Kasoro ni kwato iliyorefuka na kujikunja, ufa unaopanda mpaka kwenye manyoya, au harufu ya kuoza katikati ya unyayo. Ardhi ya Dodoma ya mawe na changarawe huzisaga kwato zenyewe, kwa hiyo punda wa huku mwenye kwato ndefu amefungwa mahali pamoja kwa muda mrefu. Uliza sababu.

Kula. Beba konzi ya nyasi kavu. Akitafuna halafu akatema bonge lililosagwa nusu, magego yana ncha au yameoza, na punda wa namna hiyo hukonda hata ukimjazia hori. Kinyesi kiwe vidonge vinavyoshikamana. Angalia na shingo juu, penye singa: mafuta yakishajikusanya pale hayaondoki hata punda akikonda, kwa hiyo shingo nene haimaanishi kashiba. Mbavu ndizo husema kweli. Zisionekane kwa macho, lakini kiganja kizisikie bila kutafuta.

Ukiwa na kipimajoto, joto la punda mzima aliyepumzika ni nyuzi 36.5 hadi 37.8. Mapigo ya moyo ni 36 hadi 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28. Aliyetembea juani atapanda juu ya hapo, mpe nusu saa kivulini upime tena.

Mwisho ni mzigo, na hapa tutasema wazi: wengi humpima punda kwa madumu manne ya maji. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20 na kidogo, manne ni zaidi ya 80. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 180, na mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kama kilo 50 kwa wa kilo 150. Madumu mawili, moja kila upande, yanatosha kukuonyesha kama anakubali kupakiwa na kama anatembea sawa. Kwa mkokoteni, mfunge uone anavyoanza kuvuta: anayeruka au kurudi nyuma kila mara kifua kinapobanwa ana kidonda au ana kumbukumbu ya kidonda.

Mnadani

Minada ya awali, yaani ya ngazi ya kwanza, iko chini ya halmashauri, nayo huzunguka kwa siku maalumu. Kizota, Dodoma mjini, ni mnada wa upili, yaani wa ngazi inayofuata, na wengi wanaokwenda huko wanafuata ng'ombe na mbuzi wa nyama. Punda wa kazi mtafute zaidi kwenye minada ya awali ya wilayani. Ingawa unaitwa mnada, bei hupatikana kwa kupatana mtu na mtu.

Utakachoona ni wingi. Unaweza kulinganisha punda kadhaa kwa saa moja, na hilo peke yake humfundisha jicho mtu asiyejua. Lakini kila mmoja unamwona siku yake mbaya au siku aliyopambwa. Wengine wametembea tangu usiku, kwa hiyo uchechemeaji mdogo unaweza kuwa uchovu tu, na uchechemeaji mkubwa unaweza kuitwa uchovu. Wengine wamenyweshwa maji ya chumvi wajaze tumbo. Jike mwenye tumbo kubwa atauzwa kama mwenye mimba, na tumbo hilo laweza kuwa la minyoo. Mimba ya punda huchukua karibu mwaka mzima, kati ya miezi 11 na 14, na chuchu hujaa mwezi wa mwisho tu. Usilipie mtoto ambaye hujathibitishiwa na daktari wa mifugo.

Gharama: bei ya kupatana, ushuru wa halmashauri wenye stakabadhi ya mashine, na usafiri. Ukifika asubuhi unachagua lakini wauzaji bado wana kiburi. Ukingoja jioni bei hulegea, kwa kuwa hakuna anayetaka kurudi na mnyama kilomita 30, lakini waliobaki wamebaki kwa sababu.

Makaratasi ndiyo nguvu kubwa ya mnada. Afisa mifugo yupo palepale, muuzaji anatakiwa kuwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja mnyama, na kibali cha kusafirisha mifugo unaweza kukipata siku hiyohiyo. Dai vyote vitatu: barua, stakabadhi, kibali. Linganisha barua na mnyama: jinsia, rangi, chapa au namba ya hereni. Barua inayosema "punda mmoja" bila maelezo ni karatasi tupu. Wizi wa punda uliongezeka biashara ya ngozi iliposhamiri, na ingawa Februari 2024 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, mnyama wa wizi bado huibuka akiwa na bei ya kuvutia.

Upande wa afya mnada ni dhaifu. Wanyama wa vijiji vingi hugusana pua, hunywa hori moja, hubadilishana kupe. Pa kurudi hakuna. Muuzaji wa mnadani ukimpata tena mnada ujao ni bahati, na hata ukimpata atakuambia ulimkagua mwenyewe.

Unamfaa anayejua kusoma meno na kwato au aliye na mtu wa kwenda naye, anayehitaji punda wawili au watatu kwa mkupuo, na anayesafirisha nje ya wilaya, maana bila kibali atasumbuliwa kizuizini.

Kijijini kwa mfugaji

Hapa unanunua mnyama pamoja na maisha yake. Unaweza kwenda alfajiri umkute anatekewa maji, ukamwona anavyopakiwa, nani anamwongoza, kama anakwenda na mtoto wa miaka 10 au anahitaji wanaume wawili. Unaweza kuuliza mama anayemtumia kila siku, ambaye mara nyingi anamjua punda kuliko mwenye jina la umiliki. Muulize yeye: huwa anagoma wapi? Nini humfanya amwage mzigo? Aliwahi kuacha kula? Majibu matatu ya hapo yanazidi ukaguzi wa nusu siku mnadani.

Faida nyingine haionekani kwa haraka. Punda hujifunga kwa mwenzake. Wawili waliokaa pamoja miaka wakitenganishwa, aliyehamishwa anaweza kugoma kula, na punda asiyekula siku moja au mbili huanza kuyeyusha mafuta ya mwili kwa kasi mpaka ini linazidiwa. Wanene na majike wenye mimba ndio hufa zaidi kwa njia hii, na wenyewe husema "alilogwa njiani". Kijijini unamwona mwenzake ni yupi. Ikiwa mfuko unaruhusu, nunua jozi.

Gharama: bei ya kwanza huwa juu kidogo au hutajwa kwa mbuzi na mitamba badala ya fedha. Ukibadilishana mifugo, iandikwe thamani ya kila upande. Mtamba ukifa baada ya wiki mbili, ugomvi huanzia hapo. Usafiri ni mdogo kama ni kata jirani. Punda asiye na mzigo hutembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku akipumzishwa, kwa hiyo gari si lazima.

Makaratasi husahaulika kwa kuwa "tunajuana". Nendeni wote wawili kwa mtendaji wa kijiji, iandikwe hati ya mauziano yenye majina, sura ya mnyama, kiasi na mashahidi. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa muamala utunze. Kama mume na mke wote wanamtumia mnyama, wote wawepo. Punda aliyeuzwa na baba wakati mama yuko kisimani hudaiwa jioni.

Afya: hatari ni ndogo kwa sababu unaona zizi lenyewe. Chungulia wenzake. Ukikuta kikohozi au upele zizi zima, ahirisha. Kwa anayenunua vijiji vya Kondoa na Chemba vilivyo karibu na mapori, uliza kuhusu mbung'o. Punda mwenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hukonda taratibu huku anakula vizuri, fizi zikiwa nyeupe.

Pa kurudi papo: mfugaji yupo, mwenyekiti yupo, na sifa yake kijijini ina thamani kuliko bei ya punda mmoja. Udhaifu ni kwamba uchaguzi ni mdogo. Utatembea vijiji vitatu kuona punda wanne, na wawili kati yao hawauzwi kweli, mwenyewe anapima tu soko. Udhaifu mkubwa zaidi ni kuona haya. Ukishanywa chai kwa mtu, kumfungua punda wake mdomo na kumwambia ana miaka 15 inakuwa vigumu. Kagua kwanza, chai baadaye.

Panamfaa anayenunua punda wake wa kwanza, familia ambayo punda ataongozwa na watoto, na yeyote asiye na haraka.

Kwa dalali

Dalali mzuri ana kitu ambacho wewe huna: anajua kila zizi kutoka Chamwino hadi Mpwapwa na nani anadaiwa ada ya shule. Ukimwambia unataka dume lililohasiwa, miaka 6 hadi 8, lililozoea mkokoteni, atalipata kwa wiki moja. Wewe ungezunguka mwezi. Dume lisilohasiwa kwa kazi ya mjini ni hasara hata likiwa na nguvu, maana likinusa jike lenye joto mkokoteni utalifuata. Kumhasi mkubwa baadaye ni kazi ya daktari wa mifugo: mishipa ya damu ya punda huko ni minene na lazima ifungwe, asiyejua humwacha akivuja damu mpaka afe.

Unachokiona hapa kinategemea sharti moja ulilolitoa mwanzoni. Kubali kumwona punda nyumbani kwa mwenyewe tu. Dalali akisisitiza kukuletea, unaona mnyama asiye na zizi, asiye na mwenzake, asiye na mtu wa kumuuliza, na hapo mlango wa dalali unageuka mnada wa punda mmoja.

Gharama ina sehemu mbili, malipo yake na cha juu. Malipo yanajulikana na ni haki yake. Cha juu ni pale anapomwambia mwenye mali bei moja na wewe nyingine. Namna ya kuzuia ni rahisi ingawa madalali hawaipendi: mpatane ujira maalumu kabla ya safari, kisha fedha ya punda ukabidhi mkononi kwa mwenyewe. Dalali atakayekataa masharti hayo amekueleza anakula wapi.

Makaratasi ni yale ya kijijini, na ongezo moja. Hati isomeke jina la mwenye punda, si la dalali. Ukikuta dalali ndiye "mwenye mali", muulize barua ya yeye kumnunua. Asipokuwa nayo, ondoka, hata bei iwe tamu namna gani. Mnyama wa wizi akikamatwa kwako utampoteza na fedha hazirudi.

Afya hutegemea alikopitia. Madalali wengine huweka wanyama siku kadhaa uani wakingoja mteja, wamechanganyika. Muulize siku ngapi yuko kwake na anakula nini. Pa kurudi papo kwa sharti lake: dalali anayeishi kwa jina lake mjini atajibu simu na pengine kukubadilishia, wa kupita hatajibu. Wanaofanya kazi za mikokoteni Dodoma mjini wanawajua wote wawili kwa majina. Waulize wao kabla.

Anamfaa mwenye kazi inayosubiri, anayetaka sifa mahususi, na mtumishi au mfanyabiashara asiye na muda wa kuzunguka lakini ana mtu wa kumkagulia.

Ukiwa wewe ndiye unauza

Milango ni ileile, mizani inageuka. Mnada hukupa fedha siku hiyo, lakini ukifika umefika, na wanunuzi wanasoma uso wako. Kijijini unapata bei nzuri zaidi kwa jike lenye historia ya kuzaa na kwa punda anayejulikana kwa upole. Dalali anafaa kwa dume zuri la mkokoteni, maana mnunuzi wake yuko mjini, si jirani yako.

Majira yana uzito kuliko mlango. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya mavuno watu wana fedha, punda wamenenepa, na kuna magunia ya kubeba. Kuanzia Septemba malisho yanaisha, punda wanakonda kwa kutafuta maji mbali, na chakula kinapungua ndani, kwa hiyo wanaouza wanaongezeka. Muuzaji mwenye uwezo wa kuchagua auze mapema kiangazi. Mnunuzi mwenye mabua ya mtama aliyoyahifadhi anunue mwishoni, ila amkague vizuri kutofautisha aliyekonda kwa njaa na aliyekonda kwa ugonjwa.

Taja kasoro ndogo mwenyewe. Mnunuzi akiigundua atakata bei mara mbili ya unayostahili kukatwa.

Kumfikisha na wiki tatu za kwanza

Hapa ununuzi mzuri huharibika. Akisafirishwa kwa gari asimame. Kumfunga miguu minne na kumlaza kwenye pikapu, jambo linaloonekana sana, humkandamiza mapafu na mishipa ya fahamu, na wengine hushuka wamepooza mguu. Sakafu itandazwe mchanga au nyasi asiteleze. Mpakie alfajiri. Jike lenye mimba kubwa lisisafirishwe kabisa.

Mtenge na wenzake wiki mbili hadi tatu, lakini waonane kwa macho. Maji lita 10 hadi 25 kwa siku kutegemea kazi na jua. Chakula kiwe mabua ya mtama, uwele na nyasi kavu. Punda ameumbwa kula kingi chenye nguvu kidogo, na pumba nyingi ghafla humletea maumivu ya tumbo na kwato. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe hata kidogo, sumu yake hushambulia ubongo wa punda. Chakula cha kuku pia usimpe, maana baadhi huwekwa dawa ya kuzuia kuhara damu ambayo kwa kuku ni kinga na kwa punda ni kifo cha moyo.

Dawa za ng'ombe ndizo mtego wa wafugaji wa huku. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, inayouzwa kila duka la pembejeo, ni hatari kwa punda: husimamisha utumbo. Soma kibandiko. Sindano ya nagana ina nafasi ndogo sana kati ya dozi inayotibu na inayodhuru kwa punda, isichomwe kwa kukisia. Mwite afisa mifugo wa kata, mwambie ni punda, kisha mkumbushe tena ni punda. Kinga ya pepopunda ipewe kipaumbele kwa mnyama mwenye kidonda chochote.

Na nira ya ng'ombe usimvike. Ng'ombe husukuma kwa nundu, punda hana nundu, nira humkalia shingoni na kumkaba. Mkanda mpana wa kifua, upana wa kiganja kizima, uliotandikwa kitambaa laini, unatosha kwa mkokoteni.

Kwa hali yako

Kama ni punda wa kwanza nyumbani na watekaji maji ni watoto, tafuta jike la miaka 6 hadi 12 kijijini, hata likigharimu zaidi, na ikiwezekana na mwenzake.

Kama unaanza kazi ya mkokoteni mjini na mteja anasubiri, tumia dalali mwenye makazi, kwa ujira uliopatanwa, ukamwone dume aliyehasiwa akivuta kwa mwenyewe.

Kama wewe ni mzoefu na unataka wawili au watatu kabla ya mavuno, nenda mnadani asubuhi, kagua wote, kisha patana mchana. Usikae mpaka jioni ukitamani bei.

Kama unapeleka Singida, Manyara au Morogoro, mnada hukurahisishia kibali. Ukinunua kijijini, pitia ofisi ya mifugo ya wilaya kabla ya kupakia, si baada.

Kama fedha ni kidogo na una chakula cha akiba, nunua mwishoni mwa kiangazi kijijini, kwa mtu anayeuza kwa njaa ya nyumba na si kwa ubaya wa punda. Ongea naye taratibu. Anaweza kukubali nusu ya bei sasa na nusu baada ya mavuno, ikiandikwa kwa mtendaji.

Na kama huna anayejua kukagua na muuzaji anakuharakisha, mlipe afisa mifugo nauli na ujira wa nusu siku aje. Asipopatikana leo, punda atanunuliwa wiki ijayo.